Oscar De Priest: Mpaka rangi aliyeingia Bunge la Marekani

Oscar Stanton De Priest, mfanyabiashara na diwani wa Chicago, ndiye Mwamerika Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani kutoka jimbo la kaskazini.

Alizaliwa Machi 9, 1871 mjini Florence, Alabama. Wazazi wake walikuwa wamewahi kuwa watumwa. Mnamo 1878 familia hiyo, sawa na maelfu ya Weusi waliokimbia dhuluma za kusini, ilihamia Salina, Kansas.

De Priest aliwasili Chicago 1889, akategemea ufundi wa kupaka rangi nyumba. Baadaye akawa mwanakandarasi, kisha mfanyabiashara wa nyumba. Alikodi majengo yaliyohamwa na Wazungu kusini mwa jiji, akayapangisha kwa familia za Weusi kwa kodi ya juu zaidi. Wapangaji hao hawakuwa na hiari kubwa, kwani mitaa mingi haikuwapokea. Hivyo basi, ubaguzi ambao angekuja kuupinga bungeni ndio uliomtajirisha, na mitaa hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ngome yake ya kura.

Katika siasa, alianza kwa kukitafutia kura mtaani chama cha Republican, ambacho Weusi wengi walikiunga mkono tangu enzi za Abraham Lincoln. Alihudumu katika bodi ya kaunti ya Cook kuanzia 1904 hadi 1908. Mnamo 1915, wakazi wa wadi ya pili walimchagua kuwa diwani wa kwanza Mweusi wa Chicago.

Miaka miwili baadaye alishtakiwa kwa kupokea hongo kutoka kwa wenye nyumba za kamari. Alijitetea kwamba fedha hizo zilikuwa mchango wa kampeni. Akiwakilishwa na wakili mashuhuri Clarence Darrow, aliachiliwa huru, lakini kiti kilikuwa kimemponyoka.

Bahati ilimrudia 1928. Mbunge wa eneo hilo, Martin Madden, alifariki miezi kadhaa kabla ya uchaguzi, nao vigogo wa chama wakampa De Priest tikiti. Aliapishwa Aprili 1929. Hakuna Mweusi aliyekuwa ameketi katika Bunge hilo tangu George White wa North Carolina aondoke 1901.

Alihudumu vipindi vitatu, akiwa Mweusi wa pekee bungeni. Miswada yake ya kukomesha mauaji ya Weusi mikononi mwa makundi ya watu iligonga mwamba. Hata hivyo, mnamo 1933 alifaulu kuingiza katika sheria ya kuwaajiri vijana katika kazi za misitu kifungu kilichokataza ubaguzi wa rangi. Mwaka uliofuata, katibu wake aliponyimwa huduma katika mkahawa wa Bunge, alidai uchunguzi ufanywe. Kamati iliundwa, lakini mkahawa haukubadili desturi yake.

Mdororo wa uchumi ndio uliomwangusha. De Priest alipinga mipango ya Rais Franklin Roosevelt ya kuwasaidia maskini, ilhali wapiga kura wake walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Mnamo 1934 alibwagwa na Arthur Mitchell, Mweusi wa kwanza kuingia Bunge hilo kwa tikiti ya chama cha Democratic.

De Priest alirejea katika biashara yake ya nyumba, kisha akawa diwani tena kati ya 1943 na 1947. Alifariki Chicago Mei 12, 1951, akiwa na umri wa miaka 80.