Kutoka Marian hadi Kilakala: Bweni kama Darasa la Lugha

Shule ya Sekondari ya Wasichana Kilakala imesimama mahali ambapo mji wa Morogoro unakutana na miteremko ya milima ya Uluguru. Kizazi cha sasa kinaifahamu kama shule ya serikali ya wasichana wenye vipaji maalumu, sawa na Msalato na Tabora Wasichana. Waliosoma hapo kabla ya miaka ya 1970 huitaja kwa jina jingine: Marian College. Tofauti ya majina hayo mawili ni mlango mzuri wa kuingilia katika historia ya shule yenyewe, na pia katika swali ambalo wanaisimu wa Kiswahili wamelipa nafasi ndogo kuliko linavyostahili, yaani Kiswahili cha msomi wa kike wa Tanzania kilijengwa wapi.

Marian College iliendeshwa na masista wa Maryknoll, shirika la kimisionari lililoanzishwa Marekani mwaka 1912. Masista hao waliingia Tanganyika mwaka 1948, wakaanzia Kowak, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Mara. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walikuwa na shule ya sekondari ya wasichana Morogoro, wakati ambapo msichana wa Kiafrika aliyevuka darasa la nane alikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba shule ya Wamarekani ilifuata sura ya shule za bweni za Uingereza. Sababu yake si ngumu kuiona. Koloni lilikuwa la Mwingereza, na cheti kilichompeleka mwanafunzi mbele kilitoka Cambridge. Pamoja na cheti zilikuja taratibu zake: kengele, sare, masomo ya jioni, na viranja waliosimamia wenzao, utaratibu ambao asili yake hutajwa mara nyingi kuwa shule ya Rugby chini ya Thomas Arnold, aliyekuwa mkuu wake kuanzia 1828 hadi 1842.

Hata hivyo, taratibu hizo zilipopewa majina ya Kiswahili hazikubaki za Kiingereza. Kiranja, kabla ya kuwa kiongozi wa wanafunzi, alikuwa mvulana wa kwanza kutahiriwa jandoni, aliyewatangulia wenzake. Leo neno hilo la jando la wavulana ni cheo cha msichana anayewaongoza wasichana, wala hakuna anayeshtuka. Kidato kilikuwa pengo linalochongwa katika shina la mnazi ili mkwezi apate pa kukanyaga. Bweni lilikuwa nyumba ya kulala vijana ambao bado hawajaoa au kuolewa. Bwalo nalo lina ndugu katika Kichewa, ambako ni uwanja wa watu kukutania. Kwa hiyo msichana aliyeingia shuleni na tranka lake kichwani aliukuta mpango wa kigeni uliovikwa maneno ya unyago na jando, ya mnazi na ya uwanjani. Kwa Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, ambao ukoo na haki ya ardhi hufuata upande wa mama, kumtenga mwali ili afundwe hakukuwa jambo geni. Shule ya bweni ilimtenga pia, ila kwa miaka mingi zaidi na kwa somo la namna nyingine.

Wanafunzi walitoka mbali. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Kwa njia hiyo msichana wa Ziwa Viktoria aliweza kufika chini ya Uluguru. Miongoni mwa waliosomeshwa na masista hao Morogoro ni Getrude Mongella, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1945. Baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Wanawake wa Beijing mwaka 1995, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Chumba kimoja cha bweni kiliweza kuwakutanisha Mkerewe, Mchaga, Mhaya na Mpogoro. Lugha za nyumbani hazikuwatosha, na Kiingereza kilikuwa cha darasani. Kilichobaki cha kugombania ndoo, kumbembeleza mgonjwa, kumcheka njuka aliyeingia juzi na kusimuliana habari za kwao taa zikishazimwa ni Kiswahili. Wengi wao walikuja nacho cha kujifunza shuleni. Wakaondoka nacho cha kuishi nacho.

Serikali ilipopitisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za mashirika ya dini ziliingia mikononi mwa umma, na majina yakabadilika. St. Francis ya Pugu, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha hadi mwaka 1955, ikabaki Pugu; St. Joseph's Convent ya Dar es Salaam ikawa Forodhani. Marian ikawa Kilakala. Jina la Bikira Maria likaachia nafasi jina la mtaa. Uamuzi huo ulikuwa na haki yake, kwa kuwa mtoto wa Kiislamu au wa dhehebu jingine alihitaji kuiona shule hiyo kuwa yake pia. Lakini majina mapya yana tabia ya kufuta kumbukumbu, na si haki kazi ya masista ikasomwa leo kana kwamba shule ilizuka yenyewe mwaka 1970.

Wakati huo Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa Machi 1967, ilikuwa imeingiza jembe katika ratiba. Shamba, mchakamchaka wa alfajiri na nyimbo zake viliongeza eneo jingine la Kiswahili katika siku ya mwanafunzi. Mtihani nao ulihama: Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Taifa likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kila kitu kilitaifishwa isipokuwa lugha ya kufundishia. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa 1969–1974 ulikusudia Kiswahili kiingie sekondari, Tume ya Makweta ya mwaka 1982 ikapendekeza kianze kidato cha kwanza mwaka 1985, Kiingereza kikabaki. Watetezi wa Kiingereza huzitaja shule kama Kilakala kuwa ushahidi wao, kwamba wasichana hao walifaulu kwa lugha hiyo. Ushahidi huo una pengo. Unahesabu saa za darasani na kuziacha saa za bwenini, ambako somo lililotolewa kwa Kiingereza asubuhi lilielezwa upya kwa Kiswahili jioni, mwenye kuelewa akimfunulia asiyeelewa. Kupiga msuli, kama wanafunzi wanavyosema, hakukuwa kazi ya lugha moja.

Lugha iliyokosa nafasi kabisa ni Kiluguru. Akina mama wanaoteremka kutoka milimani na ndizi na mboga kwenda soko la Morogoro huongea lugha ambayo shule yenye jina la mtaa wa huko haikuwa na sababu ya kuijua, kwa kuwa wanafunzi wake huchaguliwa kutoka nchi nzima. Mtoto wa kike wa mteremko huo alipata sekondari ya karibu kwa wingi pale tu shule za kata zilipoenea, kuanzia mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa mwaka 2004. Nyingi kati ya hizo ni za kutwa. Jioni mwanafunzi hurudi nyumbani kuchota maji na kupika, na somo alilolisikia kwa Kiingereza hulala kwenye daftari, kwa maana hakuna mwenzake kitanda cha pili wa kumwelezea.