Kanda, VCD na DVD: picha ilivyobadilika Mpanda

Kila mfumo mpya wa kurekodia picha na sauti huuzwa kwa ahadi kwamba mtazamaji ataona tofauti. Historia ya mabanda ya video katika miji kama Mpanda inaonyesha kuwa ahadi hiyo ilitimia mara moja tu, na si kwa sababu iliyotangazwa. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, wakati deki za video zilikuwa zimeshaenea; Mpanda, mji ulio mwisho wa tawi la reli kutoka Kaliua, filamu ilikuwa kitu cha kubebwa begini. Kanda ya VHS ilifika ikiwa nakala ya nakala. Kila inaponakiliwa, kanda hupoteza rangi na kuongeza chenga, na vumbi la kiangazi huchafua vichwa vya deki. VCD, iliyoanza mwaka 1993, haikuizidi VHS safi kwa undani wa picha, lakini nakala yake ya kumi ililingana na ya kwanza. Tofauti hiyo haikuhitaji mtaalamu.

DVD ni habari nyingine. Kwa hesabu ina nukta mara nne: 720 kwa 576, dhidi ya 352 kwa 288 za VCD. Lakini jicho zima, kwa umbali wa mita 3, hutenganisha alama zilizoachana kwa karibu milimita 0.9. Kioo cha zamani cha inchi 21 kina kimo cha sentimita 32; kwa umbali huo jicho huona mistari kama 370 tu. Aliyekaa benchi la nyuma la kibanda umiza, yaani banda la video, mita 6 kutoka kiooni, hakufikisha hata 190. Kwake VCD ilitosha na kubaki. Isitoshe, DVD nyingi za mitaani zilibanwa filamu kumi au zaidi katika gigabaiti 4.7, kila moja ikiambulia chini ya nusu gigabaiti. Mfumo bora ulitumika kuongeza wingi, na mnunuzi aliyebana matumizi alichagua sawasawa.

Kuna watakaosema huo ni umaskini uliozoeleka: Mpanda ilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, nani angejua kizuri? Ugumu huo ulikuwa wa kweli, lakini kanuni ya jicho ni ileile kwa tajiri wa London. Na vilipoingia vioo bapa vya inchi 43, picha ya VCD ilionekana mbovu papo hapo, kwa watazamaji walewale. Macho hayakuwa na kasoro. Kioo ndicho kilichokuwa kidogo.

Kwa upande wa sauti, hoja kwamba mfumo bora haukuleta tofauti ina nguvu zaidi, kwa kuwa kusimulia filamu kwa sauti ya pembeni ni jambo la zamani. Kati ya 1935 na 1937, jaribio la sinema ya elimu lililokuwa na makao Vugiri, Tanga, lilizungusha Afrika Mashariki filamu bubu zenye maelezo kwenye santuri, yakiwemo ya Kiswahili. Miongo sita baadaye, Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alipata umaarufu kwa kutafsiri filamu za kigeni, sauti yake ikirekodiwa juu ya ile ya asili. Mbele ya msimulizi wa aina hiyo, idhaa sita za sauti za DVD hazikuwa na kazi. Msikilizaji alitaka maneno yasikike, na kilichoyaharibu kilikuwa spika iliyopasuka na jenereta iliyonguruma nje ya mlango.