Baina ya -KA- na -KA-: Historia Fupi ya Kufuli za Kompyuta

Makala haya yanahusu jambo ambalo, kwa juujuu, li mbali na taaluma za Kiswahili: namna kufuli zinazolinda kumbukumbu ya kompyuta zilivyokosewa na kurekebishwa tangu mwaka 1965. Tunadai kwamba sarufi yetu yaweza kulieleza kosa hilo waziwazi, na kwamba historia yake inatuonya tusiliamini upesi neno "limerekebishwa".

Tuanze na mfano wa kubuni. Huko Pepa, kwenye nyanda za juu za Marungu, tuchukulie kuna daraja la magogo linalotosha kundi moja tu la ng'ombe. Mchungaji wa ng'ambo hii akatazama, akaona daraja tupu, akarudi kuswaga ng'ombe wake, akaingia. Mwenzake wa ng'ambo ya pili akafanya vivyo hivyo, wakati uleule. Makundi yakakutana katikati. Hakuna aliyevunja kanuni, kwani kila mmoja alitazama kwanza. Kosa limejificha baina ya "akatazama" na "akaingia". Kiambishi -ka- hupanga matukio kwa mfuatano. Hakisemi kwamba baina yake hapana mwingine aliyepita.

Dawa ni fimbo moja, itundikwe katikati ya daraja: asiyekwenda kuichukua kwanza haruhusiwi kuswaga ng'ombe. Kuichukua fimbo ni kuhakikisha na kumiliki kwa tendo moja. Wataalamu huliita tendo la namna hiyo "atomiki", kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kisichokatika.

Mwaka 1965 Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha katika jarida la Communications of the ACM ufumbuzi kwa kompyuta nyingi zinazotumia kumbukumbu moja, zisizo na fimbo hiyo: zaweza kusoma tu au kuandika tu. Januari 1966, katika jarida hilohilo, Harris Hyman alitoa njia aliyoiona nyepesi zaidi kwa kompyuta mbili. Mwezi wa Mei Donald Knuth akaonyesha kwamba njia hiyo yaruhusu zote mbili kuingia pamoja. Tena, kwamba ufumbuzi wa Dijkstra mwenyewe waweza kuiacha kompyuta moja ikingoja milele. Wakati huohuo watengenezaji wa mashine walikuwa wakiiunda fimbo yenyewe: IBM System/360, iliyotangazwa mwaka 1964, ilikuwa na amri moja ya kupima na kuweka alama kwa pamoja.

Hata hivyo, fimbo haimfai asiyeitumia mahali panapostahili. Mfumo wa Linux ulipoanza kuendesha prosesa nyingi mwaka 1996, uliwekewa kufuli moja kubwa kwa kiini chote. Ilichukua hadi mwaka 2011 kuiondoa kabisa na kuweka kufuli ndogondogo mahali pake. Mwaka 2016 likatangazwa kosa lililoitwa Dirty COW. Kiini kilitengeneza nakala ya ukurasa wa kumbukumbu, kikautafuta ukurasa upya, kikaandika. Baina ya hatua hizo uzi mwingine wa programu ileile uliweza kuitupa nakala, na maandishi yakaangukia faili halisi iliyokatazwa kuandikwa. Hivyo mtumiaji wa kawaida aliweza kujipatia mamlaka yote ya mashine, zikiwamo simu za Android, ambazo hutumia kiini hicho. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikiri kwamba alijaribu kulirekebisha miaka kumi na mmoja nyuma, vibaya. Marekebisho hayo yakaondolewa baadaye kwa sababu yalileta matatizo katika mashine za S/390.

Je, haya yanatuhusu nini sisi wa lugha? Mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na menyu za kompyuta zikasomeka kwa Kiswahili. Yaliyo chini ya menyu bado yanangoja istilahi. Kwetu, ambako urani ya Shinkolobwe ilichimbwa kwa ajili ya mabomu ya mwaka 1945, "atomiki" humkumbusha msikilizaji bomu kabla ya kitu kingine. Twapendekeza "tendo lisilogawanyika", kwa kuwa linataja hasa kinachotakiwa.

Mwanafunzi atakayeandika programu na ajisimulie kwanza kazi yake kwa Kiswahili. Kila penye -ka- mbili, na aulize: ni nani awezaye kupita hapa?