Mafuta ya Sudan: nani aliingia, nani alitoka, nani alifukuzwa

Wadau, kila ikitoka habari ya mafuta ya Sudan swali huwa lilelile: kampuni ya kigeni inatafuta nini katikati ya vita? Si ifungashe virago tu iondoke? Nimeona niiweke historia yenyewe hapa, maana wengi wetu tunaanzia 2011 na kuruka yaliyotangulia.

Chevron ya Marekani iligundua mafuta kusini mwa Sudan mwishoni mwa miaka ya 1970, maeneo ya Bentiu. Mwaka 1983 vita vya kusini na kaskazini vikaanza upya. Februari 1984 waasi wakavamia kambi ya Chevron karibu na Bentiu, wafanyakazi watatu wakauawa, kazi ikasimama. Mwaka 1992 kampuni ikauza haki zake na kuondoka.

Mafuta hayakuondoka. Kitalu kikaishia kwa Arakis, kampuni ndogo ya Canada isiyo na mtaji wa kutosha. Ikatafuta wenzake, na mwishoni mwa 1996 mgawo ukawa hivi: CNPC ya China asilimia 40, Petronas ya Malaysia 30, Arakis 25, na Sudapet ya serikali 5. Mwaka 1998 Talisman, nayo ya Canada, ikainunua Arakis. Agosti 1999 bomba la kilomita kama 1,600 likafikisha mafuta Port Sudan, meli ya kwanza ikapakia.

Sasa hapa ndipo pa kutulia kidogo. Khartoum ilikuwa inagawa vitalu katika ardhi ambayo jeshi lake halikuidhibiti. Ili mtambo wa kuchimba uingie, ilibidi eneo "lisafishwe" kwanza, na waliosafishwa ni Wanuer na Wadinka waliokuwa wakiishi pale na ng'ombe wao. Vijiji vikachomwa, watu wakakimbilia vinamasini. Kampuni ikijenga barabara ya kupitika masika na kiangazi, askari nao wanaipita. Ikitengeneza uwanja wa ndege, vivyo hivyo. Ripoti iliyoagizwa na serikali ya Canada, iliyotoka mapema 2000, ilieleza kwamba ndege za kijeshi zilitumia uwanja wa Heglig kujaza mafuta na kupakia silaha. Na fedha za mauzo nazo zikanunua silaha zaidi. Kwa hiyo yule anayesema "sisi tunachimba tu, siasa si yetu" tayari ana upande, apende asipende.

Kelele za makanisa na wanahisa zikaibana Talisman, ikauza hisa zake kwa ONGC Videsh ya India, mauzo yakakamilika 2003. Mwaka huohuo Lundin ya Sweden ikauza kitalu chake cha 5A kwa Petronas. Je, wenyeji walirudishiwa ardhi? Thubutu! Waliobaki wakati huo walikuwa makampuni ya serikali za Asia, ambayo wanahisa wa Toronto hawakuwa na la kuyafanya.

Mkataba wa amani ulisainiwa Nairobi Januari 2005, mapato ya mafuta ya kusini yakagawanywa karibu nusu kwa nusu. Kusini ilipojitenga Julai 2011 iliondoka na takriban robo tatu ya mafuta, bomba likabaki kaskazini. Januari 2012 Juba ikafunga visima vyote kwa ugomvi wa ada ya bomba. Vita vya Sudan vilivyoanza 2023 navyo vikalifikia: Februari 2024 bomba moja likapasuka katika eneo la mapigano, na mapato ya Juba yakaporomoka.

Mahakamani je? Kanisa la Presbyterian la Sudan liliishtaki Talisman mjini New York mwaka 2001. Kesi ikatupwa 2006, na rufaa ikashindwa 2009. Majaji walisema haitoshi kampuni kujua kinachotendeka, lazima ithibitishwe kwamba ilikusudia kusaidia uovu huo. Jamani, nani ataacha maandishi ya nia kama hiyo?

Sweden walikwenda njia nyingine. Uchunguzi wa jinai ulifunguliwa 2010, mashtaka yakaja Novemba 2021, na Septemba 2023 Ian Lundin na Alex Schneiter, waliokuwa wakuu wa kampuni, wakapandishwa kizimbani Stockholm kwa kushiriki uhalifu wa kivita kati ya 1999 na 2003. Wote wamekana. Kati ya waliosafiri kwenda kutoa ushahidi ni watu waliofukuzwa kutoka kitalu cha 5A, zaidi ya miaka 20 baada ya nyumba zao kuchomwa.