Ran (1985): Buda Aligawa Mali Akiwa Hai, Cheki Vile Iliishia

Ukienda Kenyatta Market kusukwa rasta ndogo ndogo, jua siku imeenda. Hata wasusi watatu wakushike kichwa pamoja, bado utakaa hadi harufu ya nyama choma ikumalize. Kama uko na bando, weka Ran. Ni dakika 162.

Ran ni nini?
Ni muvi ya Japani iliyoongozwa na Akira Kurosawa akiwa na miaka 75. Jina lenyewe maana yake ni vurugu. Stori imetoka kwa King Lear, mchezo wa jukwaani wa Shakespeare. Lear alikuwa na mabinti watatu, lakini hapa ni vijana: Taro, Jiro na Saburo.

Stori
Mzee Hidetora (Tatsuya Nakadai) ametajirika kwa kunyang'anya watu ngome. Sasa amechoka. Anagawia vijana wake, Taro anakuwa mkubwa, yeye anabaki na cheo tu. Anawaonyesha mishale: mmoja unavunjika, mitatu pamoja haivunjiki. Saburo anaivunja yote kwa goti na kumwambia hapo umekosea, buda. Anafukuzwa. Wale wawili wa maneno matamu ndio wanakuja kumfungia mzee mlango.

Usimsahau Kaede, bibi ya Taro. Ngome anayoishi ilikuwa ya kwao kabla Hidetora amalize familia yake. Huyo dame hajasahau kitu.

Mbona inaheshimika?
Kurosawa alichora muvi kwa rangi miaka mingi kabla apate doh, na sehemu kubwa ilitoka kwa Serge Silberman wa Ufaransa. Hutapotea vitani: jeshi la Taro ni njano, la Jiro nyekundu, la Saburo buluu. Mavazi yalimpa Emi Wada Oscar. Ngome ilijengwa Mlima Fuji, kisha ikachomwa kweli. Na kwa hiyo vita kubwa husikii panga wala kelele, ni muziki wa Toru Takemitsu tu, hadi bunduki moja inalia.

Inakuhusu aje?
Badilisha ngome uweke shamba la ushago. Kenya tuko na Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika 1981. Kanuni ni hii: mzazi akienda bila wosia na hajaacha mke ama mume, watoto wanagawana sawa, mabinti pia. Alichokupa akiwa hai kinahesabiwa kwa fungu lako. Bado masista wengi wanaambiwa wangojee kwa bwana.

Lakini sheria inagawa ardhi tu. Hidetora aligawa mapema, mbele ya mashahidi, na bado nyumba iliwaka, juu hakuwahi kuketi na watoto waongee yale aliwafunza kwa vita. Mtoto aliyemwambia ukweli ndiye alionekana adui.

Kwa hivyo ukitoka kwa kiti na kichwa kikiuma, pigia mzee. Usianze na shamba. Anza na salamu.