Upweke Uliotungiwa Sheria: Watengwa wa Soledad na Maskwota wa Molo

Mwaka 1937 ulitoa maandishi matatu ambayo ni nadra kuwekwa juu ya meza moja. Mwezi Februari, riwaya fupi ya John Steinbeck, Of Mice and Men, ilitoka Marekani ikiwa na kisa cha vibarua wawili wanaohamahama, George na Lennie, wanaofika kwenye shamba moja karibu na Soledad, California. Mwaka huohuo Karen Blixen alichapisha Out of Africa, kumbukumbu za shamba lake la kahawa karibu na vilima vya Ngong, shamba lililomfilisi na kuuzwa mwaka 1931. Na huku Kenya, serikali ya koloni ilipitisha Sheria ya Vibarua Wakaazi ili kuwabana maskwota, yaani familia za Kiafrika zilizoruhusiwa kulima na kufuga kwenye mashamba ya walowezi kwa sharti la kuyafanyia kazi. Mashamba hayo yalitapakaa kote kwenye nyanda za juu zilizotengewa Wazungu. Molo, mji wa reli ulioko kwenye baridi ya takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ulikuwa miongoni mwa vitovu vyake.

Wahakiki wengi wa fasihi ya enzi ya Mdororo Mkuu wa uchumi huuchukulia upweke wa wahusika waliotengwa kuwa jambo la moyo, majonzi ambayo binadamu yeyote huzaliwa nayo. Makala haya yanatetea msimamo mwingine. Upweke wa watengwa hao ulitengenezwa, na vifaa vya kuutengenezea vilikuwa mkataba wa kazi, mpangilio wa malazi na haki ya kukaa mahali. Msomaji wa Molo ana sababu ya kulitambua hilo upesi, kwa kuwa eneo lake lililipitia kutoka upande wa pili. California ya Steinbeck imejaa watu ambao tayari wametawanywa. Molo ya miaka ya 1930 ilikuwa na watu ambao bado wako pamoja, na sheria iliyokuwa ikianza kuwatawanya.

Chumba cha Crooks

Hakuna mahali riwayani panapoonyesha utengano waziwazi kama chumba cha Crooks. Crooks ni Mmarekani mweusi anayetunza farasi, na mgongo wake ulipinda baada ya kupigwa teke na farasi. Analala peke yake kwenye chumba cha kuhifadhia matandiko ya farasi, kando ya banda, kwa sababu haruhusiwi kukanyaga bweni la vibarua wenzake. Steinbeck anavitaja vitu vyake kimoja kimoja: chupa za dawa, nyingine zake na nyingine za farasi, saa kubwa ya kengele, miwani, kamusi iliyochakaa, na nakala iliyochanikachanika ya sheria za kiraia za California za mwaka 1905.

Kitabu hicho cha sheria kina uzito kuliko vyote. Mtu aliyenyimwa haki ndiye anayeonekana akiwa na sheria mkononi, tena ameisoma mpaka ikachakaa. Lennie anapoingia chumbani humo Jumamosi usiku, wenzake wakiwa wameenda mjini, Crooks anamkatalia kwanza: kama yeye hatakiwi bwenini, basi na wengine hawana haki ya kuingia kwake. Haki pekee aliyobakiwa nayo ni ya kumfungia mwenzake mlango, na anaishikilia kwa nguvu zote kabla ya kulegea na kumkaribisha mgeni.

Maongezi yanayofuata yanaibua jambo ambalo wahakiki hulipita haraka. Crooks hakuzaliwa mpweke. Baba yake alikuwa na shamba la kuku la ekari kumi hivi, na utotoni mwake alikuwa na ndugu wawili walioambatana naye kila saa, wakilala chumba kimoja na kitanda kimoja. Steinbeck ameviweka vitu hivyo viwili, ardhi na wenzi, ndani ya kumbukumbu moja. Ardhi ilipotoweka, ndugu nao walitoweka. Ndiyo maana Candy, mzee aliyepoteza mkono shambani humo, anapotaja mpango wa kununua kishamba pamoja na George na Lennie, Crooks anajitolea kufanya kazi bila malipo, mradi naye awemo. Ombi lake halidumu. Mke wa Curley, mwana wa bosi, mwanamke ambaye mwandishi hampi hata jina, anamkumbusha kwamba neno lake moja linaweza kumfanya anyongwe, na Crooks anajikunyata na kuyafuta aliyoyasema.

Urafiki wenyewe unatiliwa shaka shambani humo. Bosi anapowaona George na Lennie wakisafiri pamoja, wazo linalomjia kwanza ni kwamba George anamla Lennie mshahara. Vibarua wengine nao wanashangaa, kwani kwenye mfumo ule kila mtu huja peke yake, hulipwa peke yake na huondoka peke yake.

Mfumo huo ulikuwa na baraka za serikali. Mwaka 1935 Bunge la Marekani lilipitisha sheria mbili kubwa, moja ya kulinda haki ya wafanyakazi kuungana na nyingine ya malipo ya uzeeni, na vibarua wa mashambani wakaachwa nje ya zote mbili. Candy ana dola 250 alizolipwa kwa mkono wake, akiba kidogo, na hofu kwamba atafukuzwa siku atakaposhindwa hata kufagia. Hofu ya mzee huyu inatokana na hesabu ya kweli, na atakayeiita udhaifu wa moyo atakuwa hajamtendea haki.

Molo na sheria ya 1937

Kenya nayo haikunusurika katika mdororo huo. Bei za mahindi na kahawa ziliporomoka, nzige wakavamia, na walowezi wengi wakazama kwenye madeni. Mwaka 1931 serikali ilifungua Benki ya Ardhi na Kilimo ili kuwakopesha walowezi hao. Skwota hakuhesabiwa katika mikopo hiyo, ingawa kwa miaka kadhaa ndiye aliyeyabeba mashamba. Mlowezi asiye na fedha taslimu alimhitaji mtu ambaye sehemu kubwa ya ujira wake ilikuwa ruhusa ya kulima na kulisha mifugo. Baadaye pareto ilipostawi kwenye baridi ya Molo na Mau, mikono ya maskwota, wake zao na watoto wao ndiyo iliyochuma maua yake.

Skwota wa wakati huo angemstaajabisha Crooks. Alikuwa na mke au wake, watoto, wazee, mbuzi, kondoo na hata ng'ombe. Alipanda mahindi, maharagwe na viazi. Mwanahistoria Tabitha Kanogo, katika utafiti wake mashuhuri wa 1987 kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau, anaonyesha jinsi familia hizo zilivyojenga maisha kamili kwenye ardhi ya wengine, zikiwa na masoko, mabaraza ya wazee na shule zao.

Walichokosa ni haki ya kukaa. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka kwa mwenye shamba. Kijana wa kiume akikua, naye alitakiwa aingie mkataba wake mwenyewe au aondoke. Shingoni alining'iniza kipande, karatasi ya utambulisho ndani ya kijaluba cha chuma. Tayari katika miaka ya 1920 mifugo ya maskwota ilikuwa imeondolewa kwa nguvu kwenye mashamba mengi, kampeni ambayo wenyewe waliiita kifagio.

Sheria ya 1937 ilikwenda mbali zaidi. Iliyapa mabaraza ya wilaya ya walowezi mamlaka ya kupunguza mifugo na ekari za skwota na kuongeza siku zake za kazi. Ilipoanza kutekelezwa mwaka 1940, siku hizo zilipanda katika baadhi ya wilaya hadi 240, kisha 270. Tangu hapo sheria ilimtambua skwota kama kibarua tu, na mkataba wake ukimalizika hakuwa na kitu cha kudai. Ukivisoma vipengele hivyo pamoja unaona kilichokusudiwa: kumwondoa mtu ng'ombe, shamba, muda na wanawe, mpaka abaki kibarua mmoja aliyesimama peke yake mbele ya mwajiri. Maskwota waliokuwa chini ya masharti hayo katikati ya miaka ya 1940 walifika takriban laki mbili. Crooks wa Soledad ndiye mtu ambaye sheria ile ilitaka kumtengeneza.

Kamante na ombi la wasiotaka kutawanywa

Kitabu cha Blixen kina mtengwa wake, Kamante, mtoto wa skwota mwenye vidonda miguuni, anayechunga mbuzi akiwa mbali na watoto wenzake. Blixen anampeleka hospitali ya misheni ya Waskoti, anapona, na baadaye anakuwa mpishi wa nyumba kubwa. Ni picha iliyochorwa kwa upendo. Hata hivyo imechorwa kutoka barazani. Upweke wa Kamante unaelezwa kama tabia yake mwenyewe, fumbo la mtoto asiye wa kawaida, ilhali baba zake waliishi kwenye takriban ekari elfu moja za shamba la ekari elfu sita kwa hisani ya mwenye shamba. Iliwapasa wasomaji kungoja hadi mwaka 1975 ndipo simulizi za Kamante mwenyewe zikachapishwa.

Sehemu yenye nguvu zaidi katika Out of Africa ni ile ya mwisho, shamba linapouzwa. Maskwota wanatakiwa kuondoka, na sheria haiwatambui kuwa na dai lolote. Ombi lao kwa Blixen ni kwamba popote watakapopelekwa waende pamoja, na anaitumia sehemu ya miezi yake ya mwisho Kenya akizunguka ofisi za serikali mpaka wanaruhusiwa kuhamia Dagoretti kwa pamoja. Hapo Blixen, labda bila kukusudia, anaandika sura ya pili ya hoja ya Steinbeck. Crooks anatamani wenzi aliowapoteza. Maskwota wa Ngong wanapigania wenzi walio nao.

Pigano hilo lilifika karibu na Molo muda mfupi baadaye. Kuanzia mwaka 1941, Wakikuyu waliokuwa wameondolewa kwenye ardhi ya Wamaasai waliwekwa Olenguruone, ukingoni mwa msitu wa Mau. Serikali iliwahesabu kuwa wapangaji wa kufuata masharti ya kilimo na urithi, wao wakajihesabu kuwa wenye haki. Walijibu kwa kiapo cha umoja kilicholiwa na familia nzima, wanawake na watoto wakiwemo, jambo lisilo la kawaida katika viapo vya kale. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wakapelekwa Yatta kwenye ukame. Historia ya siasa hukitaja kiapo hicho kama hatua kuelekea Mau Mau. Kwa mjadala huu ni zaidi ya hapo: ni jibu la watu walioelewa kwamba wakishughulikiwa mmoja mmoja watakuwa wamekwisha.

Pingamizi na mwendelezo

Msomaji anaweza kupinga kwa kutaja riwaya ya Carson McCullers ya mwaka 1940, The Heart Is a Lonely Hunter. Humo watu wanne wa mji mmoja wa Kusini mwa Marekani wanammiminia siri zao bubu mmoja, John Singer, na kila mmoja ni mpweke kwa namna yake, pasipo mlowezi wala mkataba. Anaweza pia kutaja kasri la Lord Egerton pale Njoro, lililoanza kujengwa mwaka 1938 kwa ajili ya tajiri ambaye hakuoa na aliyekufa mwaka 1958. Upweke wa namna hiyo upo, na hauhitaji sheria.

Tofauti iko kwenye njia ya kutokea. Egerton aliweza kuondoka, kualika wageni au kuwafukuza. Hata kwa McCullers, daktari mweusi Copeland hateseki kwa tabia yake peke yake. Mwanawe anafungwa na kulemazwa gerezani, na daktari mwenyewe anapigwa anapokwenda kwa hakimu kudai haki. Mtengwa anayeangaliwa katika makala haya ni yule ambaye mlango wake unafungwa na mtu mwingine.

Fasihi ya Kenya ilimpa mtu huyo nafasi ya mbele mwaka 1964, Ngũgĩ wa Thiong'o alipotoa Weep Not, Child. Humo Ngotho anaitunza kwa mapenzi ardhi ya mababu zake iliyo mikononi mwa mlowezi Howlands, huku nyumba yake ikiwa kwenye ardhi ya Jacobo, Mwafrika tajiri. Anapothubutu kusimama na wagomaji, anapoteza kazi na mahali pa kukaa kwa mpigo mmoja, kisha heshima yake mbele ya wanawe inamomonyoka. Miaka 40 baadaye Kinyanjui Kombani aliileta Molo yenyewe kwenye riwaya. The Last Villains of Molo inawafuata vijana walionusurika mapigano ya kikabila ya 1992, wanaoishi kwenye mtaa wa mabanda wa Ngando jijini Nairobi kwa majina ya bandia, wakiwa wameuficha ukoo na kijiji walikotoka. Swali la nani ana haki ya kukaa Molo, lililoachwa wazi na sheria za koloni, lilikuwa limewageuka wakulima wadogo wenyewe kwa wenyewe, na lingewageuka tena katika ghasia za baada ya uchaguzi wa mwishoni mwa 2007.

Kwa hiyo kuna kazi ya kufanywa na wahakiki na walimu. Wanafunzi wengi wa sekondari nchini walimjua Steinbeck kupitia The Pearl, iliyokuwa miongoni mwa vitabu teule vya hiari. Of Mice and Men ingesomwa sambamba na Ngũgĩ na Kombani, na sheria ya 1937 ikiwekwa mezani, wangemwona Crooks kama jirani wa babu zao. Shule za Molo, Elburgon na Njoro zina nafasi ya pekee, kwa kuwa wako wazee waliozaliwa kwenye kambi za mashamba hayo. Maswali ya kuwauliza yanatoka moja kwa moja riwayani: nani alilala wapi, nani alitunza karatasi ya mkataba, mifugo ya nani iliondolewa na lini, na familia zilipofukuzwa, ni zipi zilizofaulu kuhama pamoja. Majibu yao, yakiandikwa kwa uangalifu wakati wenyewe wangali hai, yatauwezesha uhakiki wa fasihi ya Mdororo Mkuu kupima madai yake kwa ushahidi wa Bonde la Ufa badala ya kutegemea California pekee.