Jina na Mwangwi: Historia ya Kulipeleleza Pafu katika Ugonjwa wa Skleroderma

Nia ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi madaktari walivyofikia kulitazama pafu kwa mwangwi katika ugonjwa uitwao skleroderma. Mimi si tabibu. Fani yangu ni lugha. Lakini historia ya maradhi haya ni historia ya majina pia, nayo yaonyesha kuwa jina laweza kumfumbua mtafiti macho au kumfumba.

Mwaka 1753 Carlo Curzio, tabibu wa Naples, aliandika habari za msichana ambaye ngozi yake ilikuwa ngumu na kumbana mwili mzima. Mwaka 1847 Gintrac, Mfaransa, aliupa ugonjwa jina lililoundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya kitu kigumu na la pili lenye maana ya ngozi. Jina hili halikuwa la uongo, ila lilikuwa nusu ya kweli. Aliyelisikia alitazama ngozi, na alipokwisha kuitazama alidhani amemaliza. Mwaka 1945 Robert Goetz, akiandika Cape Town, alionyesha kuwa ugumu huo huingia hata katika viungo vya ndani. Kwa hiyo alipendekeza jina jipya, sistemiki sklerosisi yenye kuendelea, yaani ugumu unaoenea mwilini. Tangu jina la Gintrac hata hili la Goetz ilipita miaka 98.

Tofauti hii haikuwa ya maneno matupu. Zamani figo ndizo zilizoogopwa zaidi, kwani zilipoharibika ghafula mgonjwa hakuishi siku nyingi. Dawa zilizopatikana mwishoni mwa miaka ya 1970 zilipunguza vifo hivyo, na tangu hapo mapafu yamekuwa katika sababu kubwa kabisa za vifo vya wagonjwa hawa. Kuta nyembamba zilizo baina ya vifuko vya hewa hujaa makovu, na pumzi ikapungua kidogo kidogo.

Je, makovu hayo yatambuliwaje? Chombo cha kwanza kilikuwa sikio. Mwaka 1816, mjini Paris, Laennec alikunja karatasi kama bomba, akaiweka kifuani pa mgonjwa na kusikiliza; kitabu chake kilitoka mwaka 1819. Sauti moja ya pafu aliifananisha na chumvi inayopasuka ikipashwa moto taratibu katika chombo. Sauti za namna hii aliziita kwa neno la Kifaransa râle. Lakini neno hilo lilikuwa pia jina la mkoromo wa mtu anayekata roho, kwa hiyo mbele ya mgonjwa alitumia neno la Kilatini, rhonchus, asije akamtia hofu. Hata hivyo sikio halihesabu wala halipimi ukubwa wa kovu. Kazi hiyo ilikuja kufanywa na picha za eksirei zinazotengenezwa kwa kompyuta, ambazo hadi leo ndizo kipimo cha kutegemewa. Lakini mashine yake ni ya gharama kubwa, na mionzi yake haifai kurudiwarudiwa bila sababu.

Altrasaundi haina mionzi hiyo. Hupeleka mwilini sauti isiyosikika na kupokea mwangwi wake. Ian Donald wa Glasgow na wenzake walichapisha habari zake mwaka 1958. Lakini pafu limejaa hewa, na sauti ifikapo kwenye mpaka wa hewa hurudishwa karibu yote. Kwa hiyo ilifundishwa kuwa pafu halitazamwi kwa altrasaundi. Mistari mirefu iliyoshuka kutoka kwenye utando wa pafu ilihesabiwa kuwa sura za uongo, kwa kuwa hapana kiungo chenye umbo hilo. Hata jina lake, mkia wa nyota, lilitoka kwingine: mwaka 1982 lilitumiwa kwa alama ya vipande vya risasi ndani ya ini.

Mwaka 1997 Daniel Lichtenstein na wenzake, huko Ufaransa, walionyesha kuwa mistari hiyo ikiwa mingi ni dalili ya kunenepa kwa kuta za ndani ya pafu. Sura ya uongo ikawa shahidi wa kweli. Mwaka 2009 Luna Gargani na wenzake, huko Pisa, Italia, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 33 wa sistemiki sklerosisi, nao waliona kuwa mistari iliongezeka kadiri makovu yalivyozidi katika picha za kompyuta.

Shahidi huyu asifanywe hakimu. Maji yanayoingia mapafuni kwa udhaifu wa moyo huleta mistari iyo hiyo, na kovu lililo mbali na utando huweza kufichika. Faida yake ni kwamba mashine hufika kitandani pa mgonjwa, na kipimo chaweza kurudiwa. Tena, tangu mwaka 2019, Marekani ilipoidhinisha nintedanibu kwa kupunguza kasi ya pafu kudhoofika katika ugonjwa huu, kulitambua kovu mapema kumekuwa na faida zaidi.

Sasa nawageukia wanaistilahi wenzangu. Tukiuita ugonjwa huu kwa Kiswahili “ugonjwa wa ngozi ngumu”, tutarudia kosa la mwaka 1847, na muuguzi atakayelisoma jina hilo hatakumbuka kifua. Napendekeza “mkakamao wa mwili”. Neno hili latokana na kitenzi tulicho nacho, nalo haliuzuilii ugonjwa mahali pamoja. Wenye maarifa zaidi na walipime. Lakini jina lolote litakalochaguliwa lisilifiche pafu.